Kwenda sinema peke yako: Raha ambayo wengi huikosa kwa kuogopa macho ya watu

KATIKA dirisha la kuuzia tikiti za sinema, swali ambalo mteja huulizwa baada ya kutaja filamu anayoitaka ni idadi ya viti. Anayejibu viwili au vitano hujibu bila kufikiri. Anayejibu kimoja aghalabu hupunguza sauti, na wapo wanaoongeza maelezo ambayo hayakuhitajika: kwamba mwenzao amechelewa, au kwamba walikuwa wakipita tu wakaona afadhali waingie.

Jambo hili linastaajabisha kidogo. Mtu huyo huyo huabiri matatu peke yake kila asubuhi, hula chamcha peke yake mkahawani, hukaa kwa kinyozi peke yake akisubiri zamu yake, na hakuna siku aliyoona haja ya kujitetea. Lakini inapofika zamu ya kujiburudisha, haya humwingia. Ni kana kwamba mja ameruhusiwa kufanya kazi na kula peke yake, ila kufurahi ni sharti afuatane na mtu.

Gharama ya haya hiyo si ndogo. Filamu hukaa katika kumbi kwa majuma machache tu, kisha huondolewa kupisha nyingine. Barobaro anayesubiri marafiki wanne wapate nafasi siku moja, wawe na pesa siku hiyo hiyo na wakubaliane kuhusu filamu moja, mara nyingi hugutuka muda umekwisha. Mjane aliyezoea kwenda sinema na marehemu mumewe huyaacha kabisa mapenzi yake hayo, kwa kuwa hana tena wa kuandamana naye. Mgeni aliyehamishiwa kazi Kisumu au Mombasa hujifungia chumbani mwaka mzima akingoja kwanza apate marafiki. Hawa wote hawakukatazwa na mtu. Walijikataza wenyewe.

Makala haya yanaeleza asili ya haya hiyo, yale ambayo wataalamu wa saikolojia wamegundua kuihusu, na namna ambavyo mtu anaweza kujipangia safari ya sinema peke yake akarudi nyumbani ameridhika.

Desturi ya makundi

Chanzo cha haya hii si vigumu kukifahamu. Tangu sinema ilipoingia Afrika Mashariki, imekuwa shughuli ya watu wengi. Katika miji ya pwani na visiwani, filamu za Kihindi zilikusanya familia nzima nzima, na filamu kama Awaara ya Raj Kapoor, iliyotolewa mwaka wa 1951, ilipata mashabiki wengi mno. Zanzibar kulikuwa hata na maonyesho maalumu ya wanawake pekee, ambapo akina mama na mabinti zao walijipamba wakaenda pamoja. Kwenda sinema kulikuwa pia kwenda kuonana, kupashana habari na kuonyeshana mavazi.

Jijini Nairobi, vizazi kadhaa vilikutana katika kumbi za Globe, Odeon, Kenya Cinema na 20th Century. Waliokuwa na magari waliwapakia watoto na mablanketi wakaelekea Fox Drive-In katika barabara ya Thika au Belle Vue katika barabara ya Mombasa, wakatazama filamu wakiwa wameketi garini. Kwa miaka mingi, wimbo wa taifa ulipigwa kabla ya filamu kuanza na ukumbi mzima ukasimama wima.

Nyingi za kumbi hizo zilifungwa kanda za video, na baadaye DVD, zilipoenea. Baadhi ziligeuzwa makanisa na nyingine maduka. Hata hivyo majina yake hayakufa. Makanga wa matatu hunadi Odeon na Bellevue kama vituo, na kijana anayeshuka hapo huenda asijue kwamba ametaja jina la sinema.

Mashambani nako, magari ya sinema yalizuru masoko na viwanja vya shule. Kitambaa cheupe kilitundikwa, na kijiji kizima kikaketi chini kutazama filamu za mafunzo ya kilimo na afya, zikifuatwa na vichekesho. Baadaye vikaja vibanda vya video mitaani, ambamo sauti ya msimulizi kama DJ Afro hufasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng huku watazamaji wakijibizana nayo kwa vicheko na makelele.

Kwa aliyelelewa katika desturi hiyo, sinema na umati ni kitu kimoja. Isitoshe, malezi yenyewe yanasisitiza ushirika. Kidole kimoja, wahenga walisema, hakivunji chawa. Anayejitenga na wenzake hushukiwa kuwa ana kiburi, ana uchoyo au ana jambo linalomsumbua. Basi mtu akionekana ameketi peke yake kati ya wapenzi wawili wawili na familia zenye watoto, wengine hudhani ameachwa, ametoroka kazini au amedanganywa na aliyemwahidi kuja.

Mashine ya kwanza ilikuwa ya mtu mmoja

Historia ya sinema yenyewe, hata hivyo, inasimulia jambo tofauti. Mnamo Aprili 14, 1894, duka la kuonyeshea picha zinazotembea lilifunguliwa jijini New York, Marekani, likiwa na mashine 10 za Kinetoscope zilizobuniwa katika maabara ya Thomas Edison. Mashine hiyo ilikuwa sanduku refu la mbao lenye tundu juu. Mteja aliinama, akaweka macho tunduni, akatazama filamu isiyofika dakika moja. Senti 25 zilimruhusu kutazama mashine 5. Aliyekuwa nyuma yake alisubiri zamu.

Mwaka uliofuata, Desemba 28, 1895, ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu zao fupi 10 katika Grand Café jijini Paris. Wao walitumia mashine iliyorusha picha kwenye kiwambo, hivyo wote waliolipa faranga moja waliona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mbinu hiyo iliishinda ile ya tundu kwa sababu iliyo wazi: mashine moja ingeweza kuhudumia watu mia badala ya mmoja. Kumbi zinazojulikana leo zilitokana kwa kiasi kikubwa na hesabu hiyo ya biashara. Hakuna aliyeketi akaamua kwamba filamu haiwezi kufurahiwa na mtu mmoja.

Teknolojia ya sasa imeirudisha hali ya lile tundu la Edison. Tangu Netflix ilipoanza kutoa huduma zake nchini Kenya mnamo Januari 2016, na intaneti ya simu ilipozidi kuenea, ni jambo la kawaida mtu kutazama filamu kitandani akiwa na vipokea sauti masikioni. Hakuna anayemhurumia kwa hilo. Tofauti kati yake na yule aliyeketi peke yake ukumbini ni moja tu: yeye haonekani.

Hofu ya macho ya watu

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Mnamo 2015, wataalamu wawili wa Marekani, Rebecca Ratner na Rebecca Hamilton, walichapisha utafiti kuhusu sababu za watu kukwepa burudani wanapokuwa peke yao. Waligundua kwamba wengi hawaoni tabu kufanya peke yao shughuli yenye manufaa, mathalan kununua bidhaa za nyumbani. Hofu huja shughuli inapokuwa ya kujifurahisha na tena ya hadharani. Mtu huogopa kwamba watakaomwona watakata kauli kuwa hana marafiki.

Katika mojawapo ya majaribio yao, wapita njia walialikwa kuingia kwa dakika chache katika maonyesho ya sanaa. Waliokuwa peke yao walitabiri kwamba wangeyafurahia kwa kiwango cha chini kuliko walivyotabiri waliokuwa na wenzao. Walipotoka, viwango vyao vya furaha vilikaribiana. Yaani utabiri ndio uliokuwa na kasoro. Maonyesho yenyewe yalimfaa aliye peke yake sawa na aliyefuatana na mwenzake.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka wa 2000 na Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na wenzake, unaeleza upande wa pili wa hofu hiyo. Wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki Barry Manilow, ambayo vijana hao waliionea aibu, kisha wakaingizwa katika chumba chenye wanafunzi wengine. Waliovalishwa walikisia kwamba takriban nusu ya waliokuwemo wameitambua picha hiyo. Walioitambua hasa walikuwa karibu robo tu. Mwanadamu hudhani anamulikwa kuliko anavyomulikwa.

Ukumbi wa sinema unalithibitisha hilo waziwazi. Anayeingia peke yake huhisi macho yote yamemgeukia, ilhali waliomo wanatafuta namba za viti vyao, wanawatuliza watoto, wanachungulia simu au wanagawana bisi. Taa zikizimwa, hata mwenye udadisi hana tena cha kuona. Ukijumlisha muda wote wa haya, ni ule wa kukata tikiti na kutafuta kiti. Ni dakika chache sana katika safari ya zaidi ya saa mbili.

Kinachotendeka gizani

Lipo jambo jingine ambalo wanaong'ang'ania kufuatana husahau. Filamu ikianza, mazungumzo hukoma. Marafiki sita walioketi katika safu moja hawatazamani wala hawasemezani. Kila mmoja ameelekeza uso wake mbele. Kwa saa mbili, kila mmoja wao yuko peke yake na hadithi. Ushirika wao huanza tena taa zinapowashwa.

Wanasayansi wamejaribu kuchunguza kinachotendeka akilini wakati huo. Mnamo 2004, Uri Hasson na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio ambapo watu 5, kila mmoja kwa zamu yake, walilala ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo wakitazama dakika 30 za filamu ya The Good, the Bad and the Ugly. Hawakuwa pamoja. Lakini sehemu kubwa za ubongo wao ziliamka na kutulia kwa namna iliyofanana, katika nyakati zile zile za hadithi.

Kwa maneno mengine, filamu iliyoundwa vizuri huwashika watu kwa namna moja hata wasipokuwa mahali pamoja. Aliyekwenda peke yake Jumanne na aliyekwenda na jamaa zake Jumamosi wamepitia mengi yaliyo sawa, na wakikutana wanaweza kuzungumza kana kwamba walikuwa safu moja.

Zipo pia faida ambazo aliye peke yake huzipata moja kwa moja. Ya kwanza ni uhuru wa kuchagua. Kundi la watu watano huishia kuchagua filamu ambayo hakuna anayeichukia, na ambayo huenda hakuna anayeipenda sana. Mpenzi wa filamu za kihistoria hujikuta akitazama magari yakigongana, na mpenzi wa magari akisinzia mbele ya hadithi ya mapenzi. Aliye peke yake hahitaji kumshawishi mtu.

Ya pili ni umakini. Aliyefuatana na mtu huitazama filamu kwa jicho moja na kumtazama mwenzake kwa jicho la pili. Je, anaipenda? Mbona amenyamaza? Mbona amechukua simu? Aliyependekeza filamu ndiye hutaabika zaidi, kwani kila dosari ya mwelekezi huihisi kama kosa lake mwenyewe.

Ya tatu ni ruhusa ya kuguswa. Filamu ya Supa Modo ya mwelekezi Likarion Wainaina, iliyotolewa mwaka wa 2018, inamhusu msichana aitwaye Jo, anayeugua maradhi yasiyo na tiba na anayependa mno filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Wanakijiji wanashirikiana kumtimizia ndoto yake kwa kutengeneza filamu. Mwanamume aliyefunzwa tangu utotoni kwamba wanaume hawalii atapata taabu kuitazama akiwa amezungukwa na wenzake wa kazini. Akiwa peke yake katika safu ya nyuma, machozi yakimlengalenga, hakuna wa kumtania kesho yake.

Ya nne ni nafuu ya mfuko. Anayewaalika wenzake mara nyingi huishia kuwalipia tikiti, bisi, soda na hata nauli. Kwa anayeanza kazi, safari moja ya watu wanne inaweza kumaliza akiba ya burudani ya mwezi mzima. Pesa hizo hizo zingemtosha kwenda peke yake mara nne.

Filamu za nyumbani hazingoji

Faida hizi humfikia pia mwenye kutengeneza filamu. Kenya imetoa filamu zilizosifiwa ndani na nje ya nchi. Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, iliyotolewa mwaka wa 2012, ilikuwa ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Ilifuatwa na nyingine kama vile Kati Kati ya Mbithi Masya mnamo 2016. Lakini mwenye ukumbi ni mfanyabiashara. Hutazama mauzo ya siku za mwanzo, na filamu isiyojaza viti huondolewa upesi ili nafasi yake ichukuliwe na ya kigeni inayovuma. Mtu aliyesema ataitazama filamu ya Kenya "wiki ijayo, wenzangu wakipata nafasi" huwa amechangia kuiondoa bila kujua.

Mfano wa kipekee ulitokea Septemba 2018. Filamu ya Rafiki ya mwelekezi Wanuri Kahiu ilikuwa imepigwa marufuku mapema mwaka huo kwa kuwa inahusu mapenzi ya wasichana wawili. Mahakama Kuu ilisitisha marufuku hiyo kwa siku 7 tu, ili filamu hiyo iweze kutimiza masharti ya kuwasilishwa kwa tuzo za Oscar. Yeyote aliyetaka kuitazama, aiunge mkono au aikosoe kwa kuiona kwa macho yake, alikuwa na juma moja. Hapakuwa na muda wa kusubiri kundi likubaliane.

Mzigo wa wanawake

Macho ya watu hayamlemei kila mmoja sawasawa. Mwanamume aliye peke yake ukumbini hudhaniwa kuwa ametoka kazini akaamua kupumzika. Mwanamke hudhaniwa kwamba anamngoja mtu, na wapo wanaume wanaojipa kazi ya kumpunguzia kungoja huko. Kero ya kusemeshwa asipotaka, pamoja na hofu ya kurudi nyumbani usiku, huwafanya wanawake wengi wakate shauri kubaki nyumbani.

Yale maonyesho ya wanawake pekee ya Zanzibar yaliwapa akina mama wa zama hizo nafasi ya kustarehe bila kusumbuliwa. Leo, anayetaka kwenda peke yake anaweza kuchagua onyesho la alasiri ili atoke kungali na mwanga, kukata tikiti ya kiti kilicho kando ya njia, au kuketi karibu na familia. Akisumbuliwa, amwite mhudumu wa ukumbi. Kumhamisha mteja anayesumbuliwa, au kumwondoa anayesumbua, ni sehemu ya kazi ya mhudumu huyo na wala si fadhila.

Haifai, hata hivyo, tahadhari hizo zigeuzwe kuwa lawama. Mwanamke aliyelipia kiti ana haki nacho sawa na mtu mwingine yeyote. Mwenye kosa ni anayemkera.

Jinsi ya kujipangia

Anayejaribu kwa mara ya kwanza atapata wepesi akianza na onyesho la katikati ya wiki, alasiri. Ukumbi huwa hauna msongamano, na nyakati hizo ndizo ambazo watu wengi waliomo nao pia wamekuja peke yao. Kumbi nyingi za sasa zimo ndani ya maduka makubwa, hivyo anaweza kufika mapema, akatembeatembea na kununua mahitaji yake kabla ya kuingia.

Filamu ichaguliwe kwa makini. Bodi ya Kuainisha Filamu nchini hutumia alama nne: GE kwa hadhira yote, PG kwa watoto wanaohitaji mwongozo wa wazazi, 16 kwa wasiopungua umri huo, na 18 kwa watu wazima. Alama hizo humsaidia pia mtu mzima kujua anachokiendea. Asiyestahimili filamu za kutisha hana sababu ya kuanza nazo akiwa peke yake, kwani hatakuwa na mkono wa kushika. Vichekesho navyo hunoga penye kicheko cha wengi, hivyo ni heri anayevitaka achague siku yenye watu. Hadithi nzito, za mapenzi, za kihistoria au za upelelezi, ndizo zinazomfaa zaidi anayetaka utulivu.

Mahali pa kuketi pia pana maana. Safu za mbele humlazimu mtazamaji kuinua shingo muda wote. Sehemu ya katikati, nyuma kidogo ya nusu ya ukumbi, ndiyo inayompa picha na sauti kwa usawa. Ni vyema kuingia taa zikiwa bado zinawaka, kwani macho huhitaji dakika kadhaa kuzoea giza, na anayechelewa hupapasa na kuwakanyaga watu miguu, akapata macho yale yale aliyokuwa akiyakwepa.

Kishawishi kikubwa cha aliye peke yake ni simu. Huitoa ili aonekane ana shughuli, na akaendelea kuichungulia hata filamu inapoanza. Mwanga wake huwakera walio nyuma, na yeye mwenyewe huivunja ile faragha aliyoilipia. Simu izimwe kabla ya taa kuzimwa. Kabla ya hapo, amjulishe mtu mmoja anayemwamini mahali alipo na saa anayotarajia kutoka, na ajue atarudi nyumbani kwa njia gani. Nauli ya kurudi itengwe kabla ya kununua bisi.

Filamu ikiisha, asiwe na pupa ya kutoka. Aliyefuatana na wenzake huanza kuijadili mlangoni, na aghalabu maoni ya mwenye sauti kubwa ndiyo huwa maoni ya kundi. Aliye peke yake ana nafasi ya kuunda rai yake kabla ya kusikia ya wengine. Wengine huketi kwa kikombe cha chai wakaandika mistari miwili mitatu: tendo lililowagusa, neno ambalo hawakulielewa, jina la mwigizaji wanayetaka kumfuatilia.

Faragha na upweke

Haya yote hayamaanishi kwamba kufuatana hakuna thamani. Mnamo 2014, Erica Boothby, Margaret Clark na John Bargh wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti ambapo watu walionjeshwa chokoleti. Walioonja ile tamu kwa wakati mmoja na mtu mwingine waliipenda zaidi kuliko walipoionja ilhali mtu huyo anafanya jambo jingine, ingawa hawakuzungumza naye. Chokoleti chungu nayo ilizidi kuwachukiza. Kushiriki hukoleza ladha, iwe nzuri au mbaya. Wapo wanaofurahia filamu kwa sababu hiyo hasa, na hakuna wa kuwalaumu. Aliye peke yake ukumbini naye hajakosa ushirika wote, kwani ukumbi mzima ukiangua kicheko, hucheka nao.

Ni muhimu vilevile kutofautisha faragha na upweke. Faragha ni muda ambao mtu ameuchagua. Upweke ni kukosa uhusiano anaoutamani, na madhara yake ni makubwa. Ripoti iliyotolewa Juni 2025 na tume ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilieleza kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 duniani huathiriwa na upweke.

Kipimo cha kuvitenganisha viwili hivyo si kigumu. Anayekwenda peke yake kwa hiari angeweza pia kumpigia mtu simu akaenda naye, na hurudi akiwa na hamu ya kusimulia. Anayekwenda ili kuwakimbia watu, wiki baada ya wiki, na akarudi na moyo mzito kuliko alivyotoka, anahitaji kuyaeleza yanayomsibu kwa jamaa, rafiki au mshauri nasaha. Sinema haitamponya.

Kwa wengine wote, hakuna sababu ya kuiacha filamu ipite. Wahenga walisema penye wengi pana mengi, na mengi hayo hupatikana kila mmoja anapoleta barazani alichokiona. Marafiki wanaosubiriana hadi filamu iondolewe huketi bila la kusimulia. Akiwepo miongoni mwao mmoja aliyethubutu kwenda Jumanne alasiri, wenzake watamwuliza ilikuwaje, na huenda ifikapo Jumamosi nao wakaenda.